Mbwa mwitu wawili wa shaba nyeusi kutoka mnada wa hisani: sanamu nyota tano, mnada wenyewe tatu

Nimekaa na hii sanamu muda wa kutosha sasa naweza kuiongelea vizuri. Ni mbwa mwitu wawili wa shaba nyeusi, yaani bronzi, wamesimama juu ya kipande cha jiwe jeusi, ukubwa wake mtu mmoja anaibeba kwa mikono miwili lakini hafiki nayo mbali, na nimeipata kwenye mnada wa hisani wa kuchangia uhifadhi wa wanyamapori. Naweka wazi mapema: kama sanamu nampa msanii nyota tano bila kusitasita, kama huduma ya mnada nawapa tatu, na nitaeleza kwa nini, maana watu wengi kwenye hii minada wananunua kwa huruma tu, mtu anainua mkono kwa sababu tembo wanauawa halafu kitu kikishafika nyumbani hana hata hamu ya kukiangalia, kinaishia juu ya kabati.

Nianze na miguu. Sanamu ya mnyama mi naiangalia miguu kwanza, uso kila msanii anaupambania kwa sababu anajua mnunuzi ataenda moja kwa moja kwenye macho, ila miguuni ndo unajua kama mtu kamsoma mnyama kweli au kachukua mbwa wa nyumbani akamwekea masikio makubwa. Mbwa mwitu wa Afrika miguu ya mbele ana vidole vinne tu, hana kile cha tano kinachokaa juu kwa upande wa ndani ambacho mbwa wa nyumbani anacho. Hawa wawili nimewahesabu, wana vinne vinne, na kucha zinagusa jiwe pale zinapotakiwa kugusa, mguu uliobeba uzito vidole vimetanuka kidogo na ule uliolegea vimekusanyika. Hiyo haionekani kwenye picha ya katalogi hata kidogo, lazima uiname.

Halafu miili. Wengi wanaotengeneza mbwa mwitu wanawanenepesha, sijui wanaogopa wataonekana wagonjwa, wakati mnyama mwenyewe ni mwembamba, miguu mirefu, kifua kimeshuka chini na tumbo limeingia ndani, kaumbwa akimbie masafa. Huyu msanii kawaacha wembamba hivo hivo. Na manyoya hajayachonga moja moja, kitu ambacho nashukuru sana, mbwa mwitu hana ule unyoya laini wa chini, nywele zake ni fupi na ngumu na wakizeeka zinapungua mpaka ngozi inaonekana, kwa hiyo badala ya kuchora vistari kila mahali kaacha alama za vidole vyake na za kijiti cha kufinyangia zifuate mkondo wa misuli. Ukipitisha kiganja begani unausikia msuli kabla hujauona. Sikio la kushoto la yule mkubwa lina pengo dogo pembeni, limechanika, na kwa ndani ile mikunjo imefanywa vizuri sana mpaka nilikuwa nachungulia na tochi.

Mkao sasa, hapo ndo niliposhikwa. Nilizoea kuona mbwa mwitu wanafukuza swala au wanaonyesha meno, hivo ndo wanavyoonyeshwa siku zote kama majambazi wa porini, na hiyo sifa mbaya imewagharimu mno, kwa miaka mingi walipigwa risasi na kuwekewa sumu, mpaka ndani ya baadhi ya hifadhi zenyewe. Hawa hawawindi. Mmoja kashusha kichwa, shingo mbele, masikio kalaza nyuma, anamsalimia mwenzake, na yule mwenzake kanyanyua pua juu kidogo, ngozi ya pua imejikunja, mdomo umefungwa. Kwanza nilidhani ananusa. Kumbe anataka kupiga chafya. Kuna utafiti ulitoka mwaka 2017, ulifanyika Botswana, watafiti waliona kundi likikusanyika na kuchangamkiana kabla ya kuondoka kwenda kuwinda, chafya zikiwa nyingi kundi linaondoka, zikiwa chache wanalala tena, na kama aliyeanzisha ni mkubwa wa kundi zinatosha chache, akianzisha wa chini zinahitajika nyingi zaidi. Yaani wanapiga kura kwa chafya. Msanii kaichukua hiyo sekunde moja ndogo kabla chafya haijatoka, na kwangu hii ina nguvu kuliko meno yote ya duniani, unamwona mnyama anayeshauriana na wenzake.

Siku ya kuangalia vitu kabla ya mnada msanii mwenyewe alikuwepo, mama mmoja mtu mzima, mpole, mikono ina makovu ya moto. Nilimuuliza amewajuaje hivi, akasema anakaa na wanyama kwanza, anafinyanga vipande vidogo vidogo vya haraka akiwa anawaangalia, ndipo anarudi kwenye karakana. Hiyo njia ni ya zamani na wakali wote wa hii kazi waliipitia. Barye, yule Mfaransa wa karne ya 19, alikuwa anachora kwenye Jardin des Plantes, bustani yenye wanyama pale Paris, na mnyama akifa alikuwa anakwenda kuusoma mwili wakati unapasuliwa, na Rembrandt Bugatti, msanii wa sanamu pia, mdogo wake Ettore Bugatti wa magari, alifanya kazi kwenye bustani ya wanyama ya Antwerp akifinyanga akiwa mbele ya wanyama wenyewe, ndo maana chui wake wanaonekana wanapumua. Sasa msanii anayefanyia kazi picha za mtandaoni tu, na wapo wengi, anapata upande mmoja, ule mwingine anabuni, na sanamu ina pande zote, huwezi kuuficha mgongo.

Rangi. Hakuna rangi ya kupaka hapa, na mbwa mwitu ni mnyama wa madoa, kila mmoja na yake, watafiti wanawatambua kwa hayo hayo, kwa hiyo nilijiuliza shaba itafanyaje. Kafanya kwa patina, anapasha shaba moto kwa bomba la gesi halafu anapitisha kemikali kwa brashi, nitreti ya chuma inatoa kahawia ya kuelekea wekundu na dhahabu, ya shaba inatoa kijani, na za salfa zinaleta weusi. Kahawia na nyeusi zimeingiana vizuri sana mgongoni. Nyeupe ya ncha ya mkia hakuiweka, aliipiga msasa ile ncha mpaka shaba yenyewe ikatoka, inang'aa, nikampenda zaidi kwa hilo maana nyeupe ya kubandika ingeharibu. Doa moja kwenye paja la yule mdogo ndo sikulipenda, ukingo wake ni mkali mno unaonekana umekatwa na mkasi, mengine yote yanayeyukia pembeni hilo limesimama peke yake. Nilimwambia. Akaliangalia akasema ni kweli, moto ulikuwa mdogo upande ule.

Hapa lazima nieleze kidogo kwa nini hivi vitu vina gharama, kwa sababu kwenye ukumbi nilisikia mtu nyuma yangu anasema "si shaba tu imeyeyushwa ikamwagwa". Hapana ndugu yangu. Anaanza na mifupa ya waya, anavalisha plastasini, hapo anafinyanga mpaka aridhike. Kisha kalibu ya mpira wa silikoni yenye ganda la plasta nje. Humo inamwagwa nta, inatoka sanamu ya nta yenye uwazi ndani, inasafishwa kila mshono kwa mkono, inawekewa mirija ya nta ya kupitisha shaba na ya kutolea hewa, halafu inachovywa kwenye uji wa kauri na kunyunyiziwa mchanga, inakaushwa, inachovywa tena, tabaka juu ya tabaka mpaka inapata ganda gumu. Ganda linachomwa, nta yote inakimbia, na pale ilipokuwa nta ndo inaingia shaba nyeusi iliyoyeyuka kwenye nyuzi kama 1,100 za selsiasi. Ikipoa ganda linavunjwa, yaani ganda ni la mara moja, sanamu ikitoka na kasoro unarudi kwenye nta. Baada ya hapo kukata mirija, kuchomelea vipande vilivyosubiwa (yaani vilivyomiminwa) mbali mbali, kufuta alama za kuchomelea, patina, nta ya mwisho. Mkia na masikio hupenda kugoma kwa sababu ni vyembamba, shaba inapoa kabla haijafika mwisho. Mi nilitafuta mshono chini ya tumbo na mkia unapoungana na mwili, sikuuona, nikaja kuuona kwa pembeni sana kwenye mwanga mkali, kazi safi.

Na kuna kitu wanunuzi wanapigwa sana hapa. Kuna sanamu zinaitwa shaba baridi, ni resini, aina ya plastiki, iliyochanganywa na unga wa shaba, ikisuguliwa inang'aa vile vile na kwenye picha hutofautishi. Si vibaya, ila bei yake haitakiwi kuwa ya shaba ya kusubu. Iguse, shaba ya kweli inakuwa na ubaridi mkononi na inachelewa kupata joto lako, resini haina ule ubaridi, na ukigonga kwa kucha shaba inaimba kidogo, resini inatoa mlio mfu kama plastiki. Katalogi ya huu mnada ilikuwa na vitu vya aina zote mbili vimeandikwa karibu sawa, maandishi madogo ndo yalisema, hilo nimewaondolea nyota.

Namba ya toleo iko chini ya jiwe na kwenye shaba yenyewe, toleo la nakala 8. Ufaransa sheria yao inatambua kazi ya kusubu kuwa asili ikiwa nakala hazizidi 12, kwa kawaida 8 za namba na 4 za msanii, na wasanii wengi nje ya Ufaransa wanafuata hiyo hesabu. Ulizeni kalibu itafanywaje toleo likiisha. Huyu mama alinipa kwa maandishi kwamba itaharibiwa, na kwamba nakala ya mnada ni moja, nyingine anauza mwenyewe. Hilo la pili kuna waliolikunjia uso eti anatafuta faida mgongoni mwa hisani. Mi naona wanakosea kabisa.

Niseme hili kwa sababu linaniuma kweli. Wasanii wanaombwa mchango kuliko mtu yeyote kwenye hii minada. Ukumbi unalipwa, chakula kinalipwa, msanii anaambiwa "utapata kujulikana". Nilimuuliza, "Mama, sasa wewe unabaki na nini hapa?" Akanijibu bila kuficha, "Mdogo wangu, gharama ya kusubu narudishiwa, muda wangu ndo mchango wangu." Huo ndo mpango wa haki. Maana pasipo hivyo anatoa mchango mara mbili, kazi yake na pesa taslimu aliyolipa kiwanda cha kusubu, na usifikirie serikali itamfidia kwenye kodi, Marekani kwa mfano tangu sheria ya 1969 msanii akitoa kazi yake mwenyewe anaruhusiwa kukata thamani ya malighafi tu, wakati mtu aliyeinunua kazi ile ile akaitoa baadaye, tuseme kwa makumbusho, anaweza kukata kwa bei ya soko. Msanii akichoshwa hivyo mwaka huu, mwakani analeta kitu cha haraka haraka alichokitoa stoo, na mnada unajaa takataka, na wanunuzi wanaacha kuja, hasara inarudi kwa wale wale mbwa mwitu.

Kwa hiyo kabla ya kuinua mkono uliza: msanii anapata asilimia ngapi, nyumba ya mnada inachukua nini, shirika linabaki na nini. Mi niliuliza kwa imeili wakanijibu nusu. Cha msanii walisema vizuri, cha shirika walisema vizuri, ila ile ada anayoongezewa mnunuzi juu ya bei ya nyundo, ile mnadi anayofungia, haikuwa kwenye ukurasa wa kazi, ilikuwa kwenye masharti mwisho kabisa, na pale ukumbini hakuna aliyeitaja mpaka wakati wa kulipa. Jirani yangu alikasirika mpaka akataka kuacha mzigo. Hisani haimaanishi mtu asiambiwe bei kamili, tena ndo ilitakiwa iandikwe kwa herufi kubwa kuliko minada ya kawaida. Mnadi mwenyewe alikuwa mzuri, hana papara, anaeleza mnyama kidogo kabla ya kila kazi, alimaliza kila kitu kwa muda.

Usafirishaji ulikuwa wa ovyo. Kampuni waliyoitumia ilileta sanduku zuri la mbao lakini ndani wameishika sanamu kwa kuibana masikio na sponji, MASIKIO, sehemu nyembamba kuliko zote, badala ya kufunga jiwe la chini. Haikuvunjika. Ila patina kwenye ncha ya sikio moja imechubuka na mama aliniambia niitume ataitengeneza bure, mi nimeona niiache, wala haionekani sana. Cheti cha uhalisia kilichelewa mno na kilipokuja jina la kazi limekosewa herufi. Halafu jiwe halina kitambaa chini, linakwaruza meza, nimeweka mwenyewe, kitu kidogo lakini kwa kazi ya kiwango hiki kilitakiwa kiwepo.

Wapo watakaosema kwa nini ujisumbue na shaba, si kuna yale maonyesho ya sanamu za wanyama mitaani. Nayapenda pia, sina ubaya nayo. Elephant Parade ilianza Rotterdam mwaka 2007 kwa ajili ya Mosha, mtoto wa tembo wa Thailand aliyepoteza mguu kwa bomu la kutegwa ardhini akawekewa mguu wa bandia, ikaenda miji mingi, London 2010 walisambaza zaidi ya tembo 250 mitaani kisha wakanadiwa, na Tusk, shirika la uhifadhi, nao wakafanya ya vifaru London 2018. Pale umbo ni moja, wasanii tofauti wanalipamba, faida yake ni kwamba maelfu ya watu wanapita wanapiga picha wanamjua mnyama, na pesa inayopatikana ni nyingi. Lakini ukinunua pale unanunua upambaji juu ya umbo la mtu mwingine, mnyama mwenyewe kashatengenezwa mara moja tu. Ukitaka mtu aliyekaa na mnyama akamjua mpaka vidole, unakuja huku. Bajeti ikiwa ndogo, nunua michoro ya maandalizi ya msanii huyo huyo, kwenye mnada huu iliuzwa kwa bei rahisi sana ukilinganisha na sanamu na ilikuwa mizuri mno, mi nilichelewa kunyanyua mkono ikaondoka.

Pesa imeenda wapi, maana hilo ndo mwisho wa yote. Shirika lilituma barua, na hapa nawasifu, hawakuandika "kusaidia wanyama" wakaishia hapo. Waliandika chanjo ya kichaa cha mbwa na ya distempa, ugonjwa mwingine wa virusi, kwa mbwa wa nyumbani wa vijiji vinavyopakana na hifadhi, kola za GPS za kufuatilia makundi yalipo, na doria za kutoa mitego ya waya. Anayewajua mbwa mwitu anajua hayo ndo yenyewe. Mtego wa waya unawekwa kwa ajili ya swala, mbwa mwitu anapita kwenye njia ile ile ananaswa shingoni, na ugonjwa ukitoka kwa mbwa wa nyumbani ukaingia kwenye kundi unaweza kulimaliza kundi zima kwa sababu wanaishi wamebanana, wanalambana, wanatapikiana chakula. Makadirio ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, ni wakubwa kama 6,600 waliobaki porini, na wanaozaa ni wachache mno ndani ya hao kwa sababu kwa kawaida kwenye kundi jozi moja ndo inazaa. Barua ilikuja na picha ya kola moja ikiwa mezani kabla haijavalishwa. Ningependa watume tena baada ya mwaka, waseme kola ilikwenda kwa kundi gani.

Matunzo ni rahisi. Vumbi kwa brashi laini, usiguse na dawa ya kung'arishia shaba hata mtu akikushauri vipi, itaondoa patina yote ubaki na bomba la maji linalong'aa, mara moja moja unapaka nta kidogo isiyo na rangi kwa kitambaa cha pamba, unasugua taratibu. Usiiweke kwenye unyevu wa chumvi kama huitaki iwe ya kijani. Ncha ya mkia yangu imeshaanza kufifia kuelekea kahawia, msanii alinionya kwamba itafifia na akanipa uchaguzi wa kuisugua au kuiacha. Ninaisugua.

Nikirudi kwenye nyota, mnada ukiandika ada yote kwenye ukurasa wa kazi, ukatenganisha shaba na resini kwa maandishi yanayosomeka, na ukabadilisha watu wa kufunga mizigo, nitawaongezea. Mwakani mama amesema anafanya kakakuona, na magamba yote yale kwenye nta sijui atayasafishaje, lakini nimeshaomba niwekwe kwenye orodha ya kuja kuiangalia kabla.